Magitaa ya umeme yaliyozeeshwa: bidhaa mpya inayouzwa kwa mikwaruzo yake

Katika biashara nyingi mkwaruzo hushusha bei. Nguo ya mtumba yenye doa huwekwa daraja la chini, gari lililobonyea hupata mnunuzi wa bei ya kutupa, na samani iliyochunika njiani huzua ugomvi kati ya mwenye mzigo na msafirishaji. Soko la magitaa ya umeme ni tofauti. Humo kiwanda hutengeneza gitaa jipya, hulichuna rangi, hutia kutu vyuma vyake, kisha huliuza kwa bei ya juu kuliko lile linalong'aa.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo ilikoanzia, kazi inavyofanyika, mpaka ulipo kati ya nakala halali na bandia, na mambo ya kuangalia pale gitaa la aina hiyo linapovuka mpaka.

Gitaa lililozeeshwa ni lipi?

Ni gitaa jipya ambalo mtengenezaji mwenyewe, au fundi aliyelipwa, amelipa sura ya kuwa limepigwa kwa miaka mingi. Rangi huwa imechunika pale mkono wa mpigaji unapoegemea, vanishi ina nyufa nyembamba kama za kikombe cha kale, vyuma vimefifia, na shingo ni laini kama mpini wa jembe uliozoeleka mkononi.

Gitaa hilo si la mtumba, kwa kuwa halijawahi kumilikiwa na mtu. Pia si bandia, iwapo muuzaji anasema wazi kuwa ni jipya. Ugumu huanza pale maelezo hayo yanapopotea njiani, gitaa likabaki na sura yake tu.

Lilikoanzia

Asili ya biashara hii ni Marekani. Kampuni ya Fender ilianza kutengeneza magitaa ya umeme huko Fullerton, California, na mwaka 1954 ikatoa modeli ya Stratocaster. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Wanamuziki wengi waliamini kuwa ubora ulishuka baada ya hapo, na taratibu magitaa yaliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo yakaanza kutafutwa kwa bei kubwa. Kwa upande wa Gibson, yaliyopanda zaidi ni magitaa ya Les Paul Standard yenye rangi ya machweo ya jua, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1960. Leo bei yake hufikia mamia ya maelfu ya dola.

Mahitaji yakawa makubwa, na idadi ya magitaa ya miaka hiyo haiwezi kuongezeka. Hapo ndipo viwanda vilipoona nafasi.

Mwaka 1995 Fender ilionyesha magitaa yake ya kwanza yaliyozeeshwa, chini ya jina la Relic. Kazi ya kuzeesha haikufanyika kiwandani Corona, California, bali kwa fundi Vince Cunetto katika jimbo la Missouri. Miili na shingo zilisafirishwa kwake, akazipaka rangi na kuzizeesha, kisha zikarudishwa California kuunganishwa. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1999. Baadaye Fender iliingiza kazi hiyo ndani ya karakana yake maalumu na kuigawa kwa madaraja, kuanzia gitaa lisilo na alama hadi lile lililochakaa vibaya.

Mwaka 2009 Fender ilitoa mfululizo wa Road Worn kutoka kiwanda chake cha Mexico kwa wanunuzi wa kipato cha kati. Gibson, ambayo nayo ilikuwa ikiuza magitaa yaliyozeeshwa tangu miaka ya 1990, ilianzisha mwaka 2021 kitengo cha Murphy Lab, kwa jina la fundi wake Tom Murphy. Kitengo hicho kina madaraja manne ya uchakavu, kutoka hafifu sana hadi mkubwa sana.

Namna kazi inavyofanyika

Siri kubwa ni vanishi. Magitaa ya miaka ya 1950 yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ni nyembamba, hubadilika kuwa ya njano kadiri miaka inavyopita, na hupasuka nyufa ndogo inapokumbana na baridi na joto kwa zamu. Mwaka 1968 Fender ilihamia poliesta, ambayo ni nene na ngumu. Poliesta haizeeki kwa namna ileile. Ikigongwa hubanduka vipande kama plastiki. Kwa hiyo kazi nzuri ya kuzeesha huanza na nitroselulosi.

Ili kupata nyufa, fundi huupoza mwili wa gitaa ghafla, kisha huurudisha kwenye joto. Rangi huondolewa kwa msasa na kwa kukwangua. Vishimo hutengenezwa kwa funguo, minyororo au kichwa cha mkanda wa suruali, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyogonga gitaa maishani. Vyuma hufifishwa kwa tindikali au mvuke wake. Plastiki nyeupe hupakwa rangi ili ifanane na iliyokaa kwenye moshi wa sigara.

Tofauti kati ya kazi nzuri na mbaya ni mpangilio. Uchakavu wa kweli una sababu: mkono huegemea sehemu moja, kidole gumba hupita mahali palepale, mkanda hukwaruza mgongoni. Gitaa lenye alama kila mahali kwa kiasi sawa huonyesha mara moja kuwa lilifanyiwa kazi kwa haraka.

Kwa nini mnunuzi hulipa zaidi

Sababu ya kwanza ni mkono. Shingo iliyolainishwa kingo zake haihitaji miaka ya kuzoeleka, na wapigaji wengi husema hili ndilo hasa wanalolipia.

Sababu ya pili ni amani ya moyo. Mwenye gitaa jipya linalong'aa huogopa mkwaruzo wa kwanza. Mwenye lililozeeshwa hana hofu hiyo, hulipeleka jukwaani na kulirudisha ndani ya basi bila wasiwasi.

Sababu ya tatu ni hadithi. Stratocaster ya mwaka 1961 ya Rory Gallagher wa Ireland, iliyokwisha rangi karibu yote kwa miaka ya jasho na safari, iliuzwa mnadani London Oktoba 2024 kwa pauni 889,400. Gitaa la Eric Clapton liitwalo Blackie liliuzwa New York mwaka 2004 kwa dola 959,500. Mwaka 2006 Fender ilitengeneza nakala zake 275, kila moja dola 24,000, zikiwa na alama za uchakavu zilizofuata gitaa halisi. Asiyeweza kununua gitaa lenyewe hununua sura yake.

Wanaopinga nao wana hoja. Husema makovu ya gitaa ni kumbukumbu ya kazi ya mtu, na kuyanunua ni sawa na kununua suruali ya jinzi iliyochanwa magoti kiwandani. Hoja nyingine ni ya kiuchumi: saa nyingi za fundi zinatumika kuharibu kitu badala ya kukiboresha, na gharama hiyo anaibeba mnunuzi. Kuhusu sauti, uchakavu wa rangi si sababu ya kutosha ya kulipa zaidi. Sauti ya gitaa la umeme hutegemea kwanza vinasa vyake vya mtetemo wa nyuzi, nyuzi zenyewe, kipaza sauti na mkono wa mpigaji.

Halisi, nakala na bandia

Mpaka huu si mwepesi kama unavyodhaniwa. Gitaa la Les Paul alilotumia Slash katika kurekodi albamu ya Guns N' Roses iliyotoka mwaka 1987 halikutengenezwa na Gibson. Lilikuwa nakala ya modeli ya mwaka 1959, kazi ya fundi Kris Derrig. Sauti yake ilipata umaarufu duniani, na mwaka 2010 Gibson yenyewe ilitoa modeli ya heshima iliyofuata gitaa hilo. Kiwanda kiliiga nakala ya kazi yake.

Kwa mfanyabiashara kipimo ni kimoja: je, maelezo ya muuzaji yanalingana na bidhaa? Gitaa jipya lililozeeshwa na kuuzwa kama jipya lililozeeshwa ni halali. Gitaa hilohilo likiuzwa kama la mwaka 1960 ni udanganyifu. Na gitaa lenye nembo ya kampuni isiyolitengeneza ni bandia, hata likiwa jipya linalong'aa.

Ukubwa wa tatizo la bandia ulionekana Desemba 2024, mamlaka za Marekani zilipotangaza kukamatwa kwa magitaa zaidi ya 3,000 yenye nembo bandia ya Gibson katika bandari ya Los Angeles na Long Beach. Yalifika kwa meli kutoka Asia. Kama yangekuwa halisi, thamani yake ingezidi dola milioni 18.

Wasomaji wa kanda hii wanaifahamu hila ya namna hiyo: vinyago vya mti mweupe vinavyopakwa rangi ya viatu ili vipite kama mpingo. Fundi aliyechonga hakukosea kwa kuchonga. Kosa ni la anayetaja mti usiokuwepo.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

• Namba za vidhibiti sauti. Ndani ya gitaa, vidhibiti vingi vya Marekani vina namba ya mtengenezaji ikifuatiwa na mwaka na wiki. Kwa mfano, 137 ni kampuni ya CTS, na 6612 baada yake ni wiki ya 12 ya mwaka 1966. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kidhibiti chake, isipokuwa kiwe kimebadilishwa.

• Lehemu ya nyaya. Ikiwa inang'aa upya kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la miaka 60, uliza nani aliifungua na kwa nini.

• Taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa rangi ya njano-kijani chini ya taa hiyo. Iliyopakwa karibuni haing'ai hivyo, na sehemu iliyorekebishwa huonekana kama kiraka.

• Matundu ya skrubu. Matundu ya ziada, au uchafu usiofuata mzunguko wa skrubu, huonyesha kuwa vipuri vimehamishwa.

• Cheti na sanduku. Magitaa ya karakana maalumu za Fender na Gibson hutoka na cheti. Linganisha namba ya cheti na ya gitaa lenyewe. Cheti peke yake ni karatasi, nayo huigwa.

Forodhani

Kwenye mfumo wa HS, gitaa la umeme huingia kifungu 9207, cha vyombo vya muziki ambavyo sauti yake hutolewa au hulazimika kukuzwa kwa umeme. Gitaa la kawaida lisilo la umeme huingia 9202. Kifungu hakibadiliki kwa sababu gitaa lina mikwaruzo.

Wapo wanaofikiri gitaa la zamani linaweza kupita kama kitu cha kale chini ya kifungu 9706. Kifungu hicho kinataka umri unaozidi miaka 100. Magitaa ya umeme ya kwanza kuuzwa sokoni, ya Rickenbacker, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo hadi leo hakuna gitaa la umeme la kiwandani lililofikisha umri huo.

Hatari kubwa iko kwenye thamani. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msingi wa kwanza wa kukadiria ni bei iliyolipwa kweli. Gitaa lililozeeshwa lililonunuliwa maelfu ya dola haliwezi kuandikwa "gitaa kuukuu" la dola 100 kwa kuwa linaonekana limechakaa. Hiyo ni taarifa ya uongo, na afisa anayejua jina la modeli ataigundua kwa dakika chache. Kinyume chake, mwenye mzigo halali hulindwa na ankara inayoandika wazi: jipya, limezeeshwa kiwandani, modeli, namba na bei.

Jambo la pili ni mbao. Rosewood ya Brazil, Dalbergia nigra, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu mwaka 1992, na magitaa mengi ya kweli ya mwishoni mwa miaka ya 1950 yana ubao huo shingoni. Hayo huhitaji hati za CITES kuvuka mpaka. Aina nyingine za Dalbergia, ukiwemo mpingo wa kwetu, ziliingizwa Kiambatisho cha Pili kwa pamoja Januari 2, 2017, lakini tangu Novemba 26, 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya aina hizo za Kiambatisho cha Pili vimesamehewa. Ndiyo maana gitaa jipya lenye rosewood ya India hupita kwa urahisi, wakati pacha wake wa mwaka 1959 linaweza kushikiliwa.

Kwa msafirishaji

Vanishi ya nitroselulosi haipendi mabadiliko ya ghafla. Gitaa lililotoka kwenye baridi ya ndege au nyanda za juu liachwe ndani ya sanduku lake kwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa sehemu ya joto. Lisigusane kwa muda mrefu na mpira wala sponji ya kawaida, kwani hudhuru vanishi hiyo.

La muhimu kuliko yote ni picha. Piga picha za pande zote, pamoja na mteja, kabla ya kupokea mzigo. Kwenye gitaa lililozeeshwa, mkwaruzo wa kiwandani na wa njiani vinafanana, na msafirishaji asiye na picha hana la kujibu mteja atakapodai kuwa ule mmoja, kati ya mia, haukuwepo.