Saa ya Chuma Iliyoipita Dhahabu kwa Bei

Wadau, kuna staa mmoja, jina kapuni, saa yake ya dhahabu haivai mpaka kuwe na zulia jekundu. Anaogopa mikwaruzo! Zamani ndivyo ilivyokuwa: za kifahari ni dhahabu za mtoko, za chuma ni za kazi. Mwaka 1972 Audemars Piguet wa Uswisi wakaleta Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta. Chuma kisichoshika kutu, milimita 39, skrubu 8 zinaonekana juu kabisa (kama mfuniko wa mashine vile), na bei ikazidi saa nyingi za dhahabu. Mwanzoni wengi hawakuielewa. Ila dhahabu ni laini, chuma kinavumilia mishemishe. Nyie mnaodunduliza, ya kila siku mtachukua ipi?