Kurushiana Risasi

Kabla ya kuua, risasi ilikuwa madini tu: ile metali nzito, laini, ya kijivu. Pwani ililipokea jina hilo kutoka Kiarabu, na hadi leo ukienda kwa fundi wa betri utalisikia kwa maana yake ya zamani. Mchuuzi wa mitumba katika soko la Owino, Kampala, kwa Kiganda chake, huziita risasi za bunduki amasasi.

Mapigano ya risasi, hata hivyo, hayana jina lake fupi. Kiswahili huyaundia kitenzi: kurushiana risasi, kufyatuliana risasi. (Magazeti yamezua “ufyatulianaji”, neno la kumaliza pumzi.) Uzito wote umebebwa na ile -ana ya mwisho. Lazima wawepo wawili, na kila mmoja afyatue.

Kampala imeijua tofauti hiyo kwa vitendo. Soko la Owino lilianza mwaka 1971, mwaka uleule Idi Amin alipotwaa madaraka, kando ya uwanja wa Nakivubo. Kiswahili cha Kampala wakati huo kilikuwa lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Aprili 1979 Watanzania na wapiganaji wa Uganda walipolikaribia jiji, watu walikwishaijua saba saba, jina walilolipa kombora lililotua kwa mngurumo. Wengi walijifungia ndani wakingoja vita vikubwa. Lakini askari wengi wa Amin walikuwa wamekwishakimbia kuelekea mashariki, na tarehe 11 Kampala ikawa mikononi mwa washambuliaji bila mapigano makubwa. Waliotoka nje walikuta maduka yakiporwa.

Kisha ikaja “panda gari”. Katika operesheni za miaka ya 1980 askari walizingira mtaa, wakawakusanya wanaume na kuwaamuru kwa maneno hayo mawili wapande lori. Baadhi hawakurudi. Amri ikageuka jina. Wazee wa Kampala bado huuita wakati ule panda gari. Hapo hapakuwa na -ana yoyote, bunduki zilikuwa upande mmoja.

Januari 1986 ndipo kitenzi kilipostahili: waasi wa NRA na askari wa serikali walipigania jiji mpaka tarehe 26.

Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi kukamatwa, milio ilisikika tena katikati ya Kampala, na watu wasiopungua 54 walikufa nchini. Wengi wao hawakurushiana chochote na mtu. Walipigwa risasi.