Jumba la Sinema la Roxy Jijini New York, 1927–1960

Jumba la sinema la Roxy, lililosimama katika Barabara ya 50 upande wa magharibi, karibu na Times Square jijini New York, lilidumu kwa miaka 33 tu, ingawa lilipofunguliwa tarehe 11 Machi 1927 lilikuwa na viti 5,920 na lilihesabiwa miongoni mwa majumba makubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Ukubwa huo uliolipatia sifa ndio uliokuja kuwa mzigo wake, kwa kuwa lilijengwa kukidhi mahitaji ya zama zilizokuwa zikielekea ukingoni.

Mradi huo ulianzishwa na mtayarishaji wa filamu Herbert Lubin, ambaye alimshawishi Samuel Rothafel, meneja mashuhuri wa majumba ya sinema aliyefahamika kwa lakabu ya Roxy, alisimamie jumba hilo na kulipa jina lake. Msanifu Walter Ahlschlager wa Chicago aliulaza ukumbi kimshazari ndani ya kiwanja ili apate nafasi ya viti vingi kadiri ilivyowezekana, hata jukwaa likapungukiwa kina. Chumba cha mashine za kuonyeshea filamu alikiweka upande wa mbele wa roshani, yaani ghorofa ya viti vya juu, badala ya nyuma kabisa karibu na dari, ili mwanga usishuke kwa mwinamo mkali na kuipotosha picha. Gharama zilipanda kupita makadirio, na kabla ya ufunguzi Lubin alilazimika kuuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa William Fox, tajiri wa filamu.

Filamu za wakati huo zilikuwa za kimya, yaani hazikuwa na sauti iliyorekodiwa, hivyo muziki ulipigwa papo hapo na filamu yenyewe ilikuwa sehemu moja tu ya onyesho refu. Roxy iliajiri okestra kubwa, kwaya, wacheza baleti, wapiga ogani, ambayo ni kinanda kikubwa cha mabomba, na kundi la wahudumu wenye sare waliowaongoza watazamaji hadi kwenye viti vyao. Hata hivyo, Oktoba 1927, miezi saba hivi baada ya ufunguzi, filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa mjini humo humo ikiwa na sauti, na katika miaka michache majumba madogo yasiyo na mwanamuziki hata mmoja yakaweza kuonyesha filamu kamili.

Mdororo mkuu wa uchumi ulizidisha shida hiyo, na mwaka 1932 Roxy iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, yaani mtu anayeteuliwa na mahakama kuendesha mali ya mdaiwa. Mwaka huohuo Rothafel, aliyekuwa amekwisha kuondoka, alifungua jumba jingine, Radio City Music Hall, katika barabara ileile. Roxy iliendelea kuchanganya filamu na maonyesho ya jukwaani, na Septemba 1953 ilizindua The Robe, filamu ya kwanza kuonyeshwa kwa mfumo wa CinemaScope uliotumia pazia pana ili kuwarudisha watazamaji waliovutwa na televisheni.

Mbinu hizo hazikuweza kushindana na thamani ya ardhi. Katika miaka ya 1950 wamiliki wa Rockefeller Center, kundi la majengo ya jirani, walilinunua jumba la Roxy ili kutumia haki yake ya kujenga kwenda juu, ambayo kanuni za mipango miji ziliruhusu ihesabiwe kwa ajili ya jengo la Time-Life lenye ghorofa 48 lililokuwa jirani. Roxy ilifungwa na kubomolewa mwaka 1960, miaka 5 kabla ya New York kutunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kihistoria. Radio City, iliyotishiwa kufungwa mwaka 1978, iliikuta sheria hiyo ikifanya kazi, na mwaka huohuo sehemu yake ya ndani ilitangazwa kuwa ya kuhifadhiwa. Kwa hiyo majumba mawili yaliyofunguliwa na Rothafel yalitofautiana hatima kwa sababu la pili lilipofikwa na msukosuko, jiji lilikuwa tayari na chombo cha kuilinda thamani isiyopimwa kwa bei ya kiwanja.