Asiyeamini Mungu ataapa kwa nani?

Kwetu Lembeni, Upareni, mkutano wa hadhara hauanzi hivi hivi. Shehe huomba dua, mchungaji husali, ndipo mwenyekiti asimame. Wimbo wa Taifa nao huanza kwa kumtaja Mungu. Hata hivyo Katiba yetu inatamka kuwa nchi hii haina dini. Ndiyo maana juma hili nimeulizwa: asiyeamini Mungu akiitwa mahakamani kutoa ushahidi, ataapa kwa nani?

Jibu lina historia. Mwaka 1880 watu wa Northampton, Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Bradlaugh hakuamini Mungu wala hakulificha jambo hilo. Aliomba athibitishe tu, bila kuapa. Bunge likakataa. Alipokuwa tayari kuapa, likakataa pia, kwa hoja kwamba kiapo cha mtu kama huyo si kiapo. Aliwahi hata kufungiwa katika mnara wa saa wa Bunge. Kiti chake kikatangazwa wazi, na wapiga kura wakamrudisha tena na tena. Aliapishwa mwaka 1886. Mwaka 1888 akafanikisha sheria inayomruhusu asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, kutoa uthibitisho.

Sheria yetu ya viapo ya mwaka 1966 ilichukua kanuni hiyo karibu neno kwa neno. Tena ikaongeza wenye imani isiyo ya Kikristo. Uthibitisho wao una nguvu sawasawa na kiapo.

Wako wanaosema kuwa huko ni kuwafungulia mlango waongo. Mimi nauliza: ni nani wanaopita mlango huo? Mwislamu hupita hapo. Mkristo anayeona kuapa ni dhambi hupita hapo. Asiye na dini anawafuata nyuma. Mwongo naye anaweza kushika Biblia bila mkono kutetemeka, na njia yake ni fupi vilevile.

Sisemi dua ziachwe mikutanoni. Nasema anayebaki ameketi wakati wa dua asihesabiwe kuwa mtu wa kutoaminika. Chukulia mjane amenyang'anywa shamba, na jirani pekee anayeujua mpaka ni huyo asiyesali. Tukimfunga mdomo, yeye atarudi nyumbani kwake salama. Atakayekosa shamba ni mjane, ambaye pengine hakosi ibada hata siku moja.