Takwimu za mwaka wa kwanza chuoni: somo lililosimamisha vidonge Pemba

Anayesomea afya, kilimo, ualimu au biashara chuo kikuu hukutana na somo la takwimu mapema. Wengi huliogopa wakidhani ni hesabu tupu. Msikilizaji, kiini chake ni swali moja: tunalinganisha na nini? Hapa Pemba swali hilo liliwahi kugusa uhai wa watoto.

Utafiti wenyewe

Mwaka 2002 watafiti, wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, walianza kuwapa watoto wa chini ya miaka mitatu vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ilitarajiwa vingewakinga na upungufu wa damu. Kaya nyingine zilipewa vidonge visivyo na dawa. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu ili makundi yafanane. Watoto zaidi ya 24,000 walihusika.

Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Kulazwa kwa maradhi makali na vifo vilizidi kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Bila kundi la kulinganisha, watu wangesema ni homa za kawaida tu, na vidonge vingeendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari.

Asilimia 12 ya nini?

Haina maana kwamba watoto 12 katika kila 100 walidhurika. Maana yake ni hii: ikiwa kundi lisilopewa chuma lilikuwa na waliolazwa au kufariki 100, kundi la ukubwa uleule lililopewa chuma lilikuwa na 112.

Utafiti kama huo nchini Nepal, katika eneo lisilo na malaria kali, haukuonesha madhara hayo. Jibu la mahali pamoja si jibu la kila mahali.

Ukisikia takwimu, uliza:

- Ni wangapi kati ya wangapi?
- Wamelinganishwa na nani?
- Walichaguliwaje, na wanaishi wapi?

Utafiti huo haumaanishi chuma ni sumu: watoto wenye upungufu wa madini hayo hufaidika nacho. Ikiwa mwanao ameandikiwa, usiache bila kumuuliza daktari.