Katanga: mgodi gani ufunguliwe kwanza?

Kazi nyingi zinapongojea feza moja, wakaaji wanauliza: nani anaamua ipi itangulie, na anapima kwa kipimo gani? Ulizo hilo si la leo. Katika Katanga lilijibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jibu lake ndilo lililoweka miji pale ilipo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Haikukosa mahali pa kuchimba. Mbelgiji Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alikuwa amepita huko mwaka wa 1892 na kuona shaba kila upande. Wenyeji waliijua tangu zamani. Waliiyeyusha na kuitengeneza misalaba ya kufanyia biashara. Kilichokosekana kwa kampuni ni njia. Mashini zilitoka ng'ambo, na shaba ilipaswa kufika baharini. Basi haikutosha kuuliza mgodi gani una mali nyingi. Waliuliza shaba ya wapi itafika sokoni mapema na kwa gharama ndogo.

Reli ya kutoka kusini, kwa njia ya Rhodesia, ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mgodi wa Étoile ulikuwa karibu. Maji yalitoka mto Lubumbashi, makaa ya kuyeyushia yakatoka Wankie, Rhodesia hiyohiyo. Kwa hiyo tanuri la kwanza likawashwa hapo mwaka wa 1911. Kambove, yenye shaba nyingi lakini iliyo mbali zaidi, ilingojea reli mpaka 1913. Bukama ilifikiwa 1918.

Kwa mfanyabiashara hiyo ni akili: shaba inayouzwa leo inasaidia kufungua mgodi wa kesho. Lakini kipimo hicho kilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ni watu.

Wanaume waliandikishwa mbali, wakaletwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi bila wake zao. Magonjwa yaliua wengi makambini. Nyumba nzuri, chakula cha kutosha na matunzo vilikuja nyuma ya tanuri na reli. Kilichohesabiwa sana ni gharama ya kumleta mtu mwingine mahali pa yule aliyekufa au aliyerudi kwao. Gharama hiyo ilizidi kupanda miaka ya 1920, maana kazi za reli nazo zilitafuta mikono ileile.

Hapo ndipo mpango ukageuka. Toka 1928 kampuni ilitia nguvu mikataba ya miaka 3: mume aje na mke, wapewe nyumba na posho, watoto wasome. Wapo wanaosifu mpango huo kama wema. Mimi naona daftari lilelile. Kumtunza mtu mmoja miaka 3 kulikuwa rahisi kuliko kutafuta wapya kila mara, na jamaa ikapanda juu ya orodha siku ilipoonekana kuwa faida.

Kisha shida ya uchumi wa dunia ikafika. Bei ya shaba ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 maelfu ya wafanyakazi waliondolewa kazini, wengi wakarudishwa walikotoka. Nyumba za kambi zilikuwa mali ya kampuni. Aliyepoteza kazi alipoteza pia mlango wa kulala.