Mkwaruzo mdogo, hatari kubwa kwa chombo
MKWARUZO katika ubavu wa chombo cha mbao huonekana kuwa dosari ya sura tu. Ukiwa chini ya usawa wa maji, hata hivyo, huwa mlango wa kiumbe wa jamii ya chaza atoboaye mbao. Huingia akiwa mdogo mno, akakulia ndani, ilhali ubao kwa nje waonekana mzima.

Katika mwambao wa Kenya, hasa Lamu, kinga ya jadi ni deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Chombo hupandishwa ufuoni wakati wa bamvu. Maji yakishapwa, mwani na makombe hukwanguliwa, mbao za chini zikababuliwa kwa moto wa makuti ili kuwaua watoboaji. Nyufa hutiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, ndipo deheni ikapakwa. Mbao zilizo juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, zisipasuliwe na jua.

Mkwaruzo mpya haufai kungojea bamvu nyingine: usuguliwe, ukaushwe, upakwe. Gatini, matairi makuukuu yakining'inizwa ubavuni huepusha mingi.